Mnara Uliosimama Wima

Mnara wa Pisa wa kwetu ulisimama wima. Mama aliuchora hivyo kwa makusudi, akiiga picha ya kalenda, na alipomaliza aliitazama ile kalenda kwa huruma akasema aliyepiga picha hiyo alishika kamera upande. Baba, ambaye ndiye mpiga picha nyumbani, alimuunga mkono. Alisema siku hizi kila mwenye kamera anajiita fundi. Basi wakaunyoosha mnara wa watu, wakautundika studioni pamoja na mapazia mengine manne ya kupigia picha, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mteja aliyeutambua.

Naanza na mnara kwa sababu nimeshindwa kuanzia penginepo. Mhariri wangu anataka makala kesho kabla ya saa sita: je, ni haki maajabu ya dunia yapangwe kwa kura, watu wabonyeze simu tu, hili la kwanza, lile la mwisho? Anataka ndiyo au hapana, na sababu tatu. Tangu asubuhi nimekaa, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga, nimeosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Mama aliniita Kiguu na Njia tangu nikiwa mdogo, na hakukosea. Lakini leo miguu haina kosa. Niliwahi kuchakachua kura ya namna hiyo hiyo, na sijamwambia mtu hadi sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwenye nyumba aliigawa studio yetu kwa ukuta wa mbao, na katika nusu tuliyobakiziwa palikuwa na nafasi ya mapazia matatu tu. Sisi tulikuwa na matano, maturubai mazito ya kimo cha watu wawili: Mnara wa Eiffel, Taj Mahal, piramidi, maporomoko ya Niagara, na huo wa Pisa. Yote kazi ya mikono ya mama, ambaye hakuwahi kufika hata mahali pamoja. Watu walikuja na suti za kuazima, wakasimama mbele ya dunia, wakapigwa picha, wakarudi kwao wamesafiri.

Mawili yalipaswa kuondoka, na seremala jirani alikuwa ameshayaomba afunikie mbao zake. Yapi sasa? Baba hakutaka kuchagua kazi ya mkewe mbele ya mkewe. Mama naye alisema mapazia ni ya wateja, waulizwe wateja. Baba akaweka kopo tupu chini ya kila pazia, na kwa wiki nzima kila mteja alipewa kizibo kimoja cha soda akitumbukize kwenye kopo la pazia alipendalo.

Kazi yangu ilikuwa kuwapa watu kitana na kioo, kwa hiyo niliyasikia yote. Kwa Eiffel hawakufikiri mara mbili. Mbele ya Pisa waliuliza kama ule ni mnara wa maji. Siku ya pili akaja bwana mmoja mwenye tai, akacheka mpaka akajishika kiuno. Akamweleza mkewe kwa sauti kwamba mnara wenyewe umeinama, dunia nzima inajua umeinama, sifa yake ndiyo hiyo, na aliyechora hajui lolote. Mama alikuwa chumba cha nyuma akikoroga rangi. Nilisikia kijiko kikinyamaza. Jioni nilimkuta mbele ya mnara wake, kichwa kakilaza upande, akijaribu kuuona ulivyotakiwa kuwa.

Niliwaka, jamani. Kesho yake nilikwenda kwa muuza soda nikaokota vizibo kumi na kimoja, nikaviosha, nikavitia mfukoni, na kila baba alipojifungia kusafisha picha nilitumbukiza kimoja au viwili. Sikuwa na nia mbaya na pazia lolote. Wallahi haikunijia kabisa kwamba likiingia moja, moja lazima litoke. Nilichotaka ni mnara wa mama usishike mkia.

Jumamosi alasiri baba alimwaga makopo sakafuni. Eiffel kumi na sita. Pisa kumi na nne. Taj Mahal kumi na moja. Niagara nane. Piramidi tatu. Mama akaomba vya Pisa vihesabiwe tena, vikahesabiwa, vikawa vile vile. Akajiziba mdomo kwa kiganja akacheka, mabega yakamtetemeka, na mimi nikajiona shujaa.

Seremala alifika na mkokoteni wake hatujamaliza hata kuviokota vizibo. Piramidi ikashushwa, ikakunjwa. Niagara iliposhuka, mama alisema tungoje kidogo. Alipiga magoti, akaweka mkono chini kabisa, kona ya kushoto, palipokuwa na povu la maji.

"Povu hili sikulichora mimi," alisema.

Nikainama nitazame. Vilikuwa viganja. Viganja vyeupe vya mtoto mdogo sana, vimegandamizwa mara saba au nane, na mama alikuwa amevizungushia maji. Dada yangu. Nilijua kulikuwa na dada aliyefariki kabla sijazaliwa, lakini nyumbani hakutajwa, na mimi mtoto wa studio sikuwahi kumwona hata kwa picha. Alichovya mikono kwenye rangi siku mama akichora, na mama akamwacha acheze.

Baba akamwambia seremala taratibu, "Fundi, tunaweza kubadilisha. Mnara uende, hili libaki."

Nilichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Mama aliutazama mnara, akalitazama povu, akarudi kwenye mnara.

"Watu kumi na nne, baba watoto," alisema. "Tukipindua, tuliwauliza ya nini?"

Nikainama, nikaendelea kuokota vizibo. Niliogopa aibu, sikatai, lakini zaidi niliogopa kumnyang'anya kile kicheko ambacho hakikuwa hata na robo saa. Akajikung'uta magoti, akashika ncha moja ya turubai, akamsaidia seremala kulikunja.

Asubuhi nilikimbia kwa seremala hata uso sijanawa. Alikuwa ameshalikata vipande vinne, na ili lisipitishe maji alikuwa amelipaka lami, mbele na nyuma. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu hamna.

Siku chache baadaye baba, akiwa amenipa kisogo, akibana picha kwenye kamba zikauke, alisema wateja wa wiki ile walikuwa arobaini na mmoja na vizibo vilikuwa hamsini na viwili. Nikasubiri kofi. Akachukua kibanio kingine, akabana picha nyingine, na mpaka tunamzika hakulirudia.

Leo mchana nyumba ilinishinda, nikaenda kwa mama na daftari langu. Studio haipo tena, lakini mnara upo, sebuleni kwake, umekunjwa chini kwa sababu dari ni fupi. Macho yake yamefifia, ila anajua ulipo, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa. Nilikwenda kumwambia. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikaanza mbali, nikamweleza habari ya makala, nikamuuliza yeye anaonaje, mambo kama hayo yaamuliwe kwa kura?

Hakufikiri hata kidogo.

"Yule bwana wa tai alicheka peke yake," alisema. "Watu kumi na nne hawakucheka. Andika hivyo."

Kalamu ilikuwa mkononi. Watatu, mama. Walikuwa watatu, na hao watatu sijui hata ni akina nani. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Unaandika?"

"Naandika, mama."

"Umeandika wangapi?"

Nikamsomea. Kumi na nne. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapapasa meza mpaka akaipata chupa ya chai, akaniambia sasa nitulie, Kiguu na Njia, nikae chini ninywe. Nikavuta kiti, nikakigeuza kiupe mnara kisogo, nikakaa.