Dakika Kumi na Moja Kando ya Dirisha

Mara ya kwanza nilianguka somo la Mbinu za Biolojia ya Molekuli kwa kosa moja tu: nilisema sijui. Profesa Lorne Wasylyk alinikalisha mbele yake na mwongozo wa maabara mezani, akawa ananiuliza sababu ya kila hatua. Kwa nini majani ya ngano yanasagwa yakiwa yamegandishwa? Nikajibu. Kwa nini tunatia chumvi, kwa nini spiriti iwe ya baridi? Nikajibu mpaka mwenyewe nikajisikia. Tukafika hatua ya saba: weka vichupa kando ya dirisha la kaskazini, subiri dakika kumi na moja. Kwa nini kumi na moja? Nikamwambia ukweli, sijui. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Kwetu huku nyandani Saskatchewan, ukianguka somo hilo mara mbili unaondolewa kabisa. Barua ya ofisi ya mkuu wa kitivo ilijaa maneno matamu, ila maana yake ilikuwa moja: Corinne Thiessen, ukianguka tena, rudi kwa baba yako ukakamue ng'ombe. Sina ugomvi na ng'ombe. Lakini sikusoma miaka minne ili niwarudie hao hao, na baba alishawaambia watu wote kanisani kwamba binti yake ni mwanasayansi.

Basi nikarudia somo, nikaona kwa macho mapya jinsi tunavyoishi mle ndani. Jamani, watu wenye akili zao! Profesa alikuwa ameandika makala ya kurasa tisa kueleza jinsi vinasaba vya ngano vinavyotulia vizuri kwenye mwanga wa kaskazini. Mwezi wa pili, barafu imeganda hadi upande wa ndani wa kioo, sisi tumepanga vichupa vyetu pale na kusimama mbele yake kimya, kila mtu na saa yake mkononi, kama tuko msibani. Devin Sawchuk, mwenzangu wa meza moja, alipiga chafya dakika ya kumi, akamwaga kila kitu, akaanza upya. Nilipomuuliza kama anaelewa anachokifanya, alinihurumia.

"Dada, kariri tu," akaniambia. "Taja mwanga, taja utulivu, taja kaskazini. Akishaanza kutikisa kichwa kukubali, nyamaza."

Wiki hiyo hiyo fundi wa maabara aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu, ikabidi wamwite Irmgard Epp aje kushika nafasi yake. Bi Irmgard alikuwa amestaafu zamani. Alifanya kazi mle miaka thelathini, na anamwita profesa kwa jina lake la kwanza kwa sababu ndiye aliyemfundisha kuosha chupa. Alikuja na aproni yake mwenyewe, na mfuko wa mbegu za alizeti za kutafuna. Akatukuta tumejipanga dirishani, akauliza tunamsubiri nani. Nikampa mwongozo, nikamwonyesha hatua ya saba. Alisoma, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Binti yangu," akasema huku akifuta machozi, "hiyo ni sigara yangu."

Akanieleza yote. Mwongozo ule aliuandika yeye. Akishatia spiriti alikuwa anashuka nje kuvuta moja, na kwenda na kurudi kulimchukua dakika kumi na moja. Vichupa aliviacha dirishani ili avione akiwa kule chini, maana maabara ya jirani walikuwa na mkono mrefu. Mtu aliyekuja kuupiga chapa mwongozo alimuuliza anafanyaje, naye akamwambia anavyofanya. Hakujua kwamba watu wangesali hapo.

Sikutaka kuamini maneno matupu, hata yake. Nikafanya jaribio mara tatu: nusu ya vichupa vikae dirishani dakika kumi na moja, nusu visisubiri hata sekunde. Mistari ya vinasaba kwenye jeli ilitoka sawa, mara zote tatu. Nikachapisha picha zake. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kwa sababu sasa nilikuwa na jibu, tena la kweli.

Siku ya mtihani Devin alitangulia, akataja mwanga, utulivu na kaskazini, akatoka na tisini na moja. Nikaingia mimi. Bi Irmgard alikuwa kwenye sinki, anaosha chupa. Tulipofika hatua ya saba nilizitandaza picha mezani, nikaeleza habari ya sigara bila kuficha kitu. Profesa hakuzitazama picha. Alikuwa amepauka, na kusema kweli nilimwonea huruma.

"Irmgard, ni kweli hayo?"

"Kweli tupu, Lorne. Ila wakati wa baridi kali nilikuwa nakimbia, zikawa tisa."

Akaandika kwenye daftari: tisa, baridi kali. Kisha nikaona uso wake unachangamka.

"Kwa hiyo chumbani hakukuwa na mtu," akasema polepole. "Miaka yote hii tumesimama juu ya vichupa, tunavipumulia! Si mwanga, ni upweke. Vinahitaji kuachwa peke yao. Corinne, umegundua jambo kubwa. Kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi atoke nje ya jengo. Jina lako litaingia kwenye makala, na wewe ndiye utakayewasimamia. Unakubaliana nami?"

Picha zangu zilikuwa pale pale, chini ya kiwiko chake. Vichupa visivyosubiri kabisa, mistari sawa. Ilitosha ninyooshe kidole tu. Nikaiona ile barua ya kitivo, nikamwona baba kanisani, ametoka kifua mbele. Kwenye sinki maji yalikuwa yamefungwa.

"Nakubali, Profesa," nikasema.

Akanipa tisini na nne. Nikazivuta picha taratibu, nikazikunja mara nne, nikazitia mfukoni. Mlangoni nilikutana na Bi Irmgard akikausha mikono. Nilidhani atanitania, na ningeshukuru kama angenitania.

"Umefaulu?" akauliza.

"Nimefaulu."

Akanitazama kidogo, akatingisha kichwa, akarudi kwenye chupa zake. Nilipita nikiwa nimeona aibu ambayo hata sijui nimwambie nani, na simu mkononi inalia: baba anataka kujua matokeo.