Bibi Sabuni na Dawa Yake Mwenyewe

Katika idara nzima ya biokemia hapakuwa na mkono ulioogopwa kama mkono wa kulia wa Profesa Marlys Enger. Kila Ijumaa mtu alisimama mbele ya semina akaeleza dawa yake mpya na jinsi inavyokizuia kimeng'enya fulani, yaani protini inayoharakisha shughuli za mwili, kisifanye kazi. Na kila Ijumaa, makofi yakishatulia, mkono ule ulipanda taratibu na sauti ya upole ikauliza, "Samahani, umejaribu na sabuni?"

Wengi walikuwa hawajajaribu. Safari ya dawa yao iliishia hapo.

Jambo lenyewe ni dogo na halina huruma. Kuna molekuli ambazo hazimzuii mtu wala kitu. Zinajikusanya tu ndani ya maji, zinafanya madonge kama ya uji uliokorogwa na mvivu, na kimeng'enya kikinasa kwenye madonge hayo kinalala. Mtafiti anaona kimelala, anafurahi, anampigia mama yake simu. Kumbe madonge hayo yangelaza kimeng'enya chochote kilichopita karibu, na dawa hapo hamna. Ukitia tone la sabuni ya maabara madonge yanayeyuka, kimeng'enya kinaamka na kurudi kazini kana kwamba wewe na shahada zako hamjawahi kuwepo. Jaribio zima huisha kabla kikombe cha kahawa hakijaisha.

Wanafunzi walimwita Bibi Sabuni. Alijua, na moyoni alilipenda jina hilo kuliko uprofesa wenyewe.

Asiyelicheka jina hilo alikuwa Orrin Tveit, profesa wa maabara ya jirani. Zamani walikuwa marafiki wa kula meza moja, mpaka Ijumaa ile Marlys alipoitilia sabuni dawa ya Orrin ya shinikizo la damu. Orrin alienda ziwani, akatoboa shimo kwenye barafu, akakaa kwenye kibanda chake akivua samaki mpaka barafu ilipoanza kulainika. Aliporudi hakugombana na mtu. Alianza tu kumsalimu Marlys kwa adabu, na kwa watu wa jimbo lao la Minnesota hilo ni baya kuliko tusi.

"Habari, Marlys. Baridi leo."

"Baridi kweli, Orrin."

Miaka ikapita hivyo, hata Julai jua likiwaka.

Sasa Marlys alikuwa na dawa yake mwenyewe. Aliiita Kumi na Saba, kwa kuwa kumi na sita zilizotangulia zilikuwa takataka. Kazi yake ilikuwa kukizuia kimeng'enya kinachotafuna gegedu za magoti, na magoti ya Marlys mwenyewe yalilia kila alipopanda ngazi. Juni angestaafu. Maisha yake yote alikuwa ameua dawa za wenzake na hajaleta duniani hata moja, na wazo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kumwambia mtu. Halafu ikaja Kumi na Saba, ikakilaza kimeng'enya usingizi wa pono. Kampuni moja ya dawa ilipata habari, na watu wake wangekuja Jumatatu kuiangalia.

Na Kumi na Saba ilikuwa haijaonja sabuni.

Si kwamba alisahau. Kila alipoishika chupa alikumbuka kuna barua pepe ya kujibu, au theluji ya kufagia juu ya gari. Pahoua Vang, mtafiti mwenye shahada ya uzamivu aliyekuwa akifanya naye kazi, alikuwa amemgusia kwa adabu zote alizokuwa nazo.

"Profesa, ile sabuni..."

"Wiki ijayo."

"Ulisema wiki ijayo tangu Krismasi."

"Na wiki ijayo si bado ipo? Haijaenda popote."

Ijumaa ya kutoa mada yake, ukumbi ulifurika. Walikuja hata wastaafu, wengine na fimbo zao, wakiburuta theluji mlangoni. Kila ambaye dawa yake iliwahi kuoshwa na Marlys alikuwa amepata kiti kizuri. Nyuma, kando ya birika la kahawa, trei ya keki za limau ilikuwa imekwisha ila kipande kimoja. Huko, kipande cha mwisho hakuna mwenye malezi anayekichukua. Mmoja alikikata nusu akaondoka na nusu, wa pili akaikata iliyobaki, na hivyo hivyo, mpaka kikawa kidogo cha kutia huruma na bado kipo.

Orrin alikaa mstari wa mbele kabisa. Mapajani mwake alikuwa amepakata chupa ya sabuni ya vyombo, imefungwa utepe mwekundu.

Marlys aliiona. Hata hivyo alieleza Kumi na Saba tangu mwanzo hadi mwisho, michoro ikafuatana, makofi yakapigwa.

"Kuna maswali?" akauliza mkuu wa idara.

Ukumbi mzima ulijua swali, na hakuna aliyethubutu kulitoa. Kumwumbua mtu mbele za watu si jambo la kistaarabu. Mmoja aliangalia viatu vyake, mwingine akakohoa. Orrin aliupapasa ule utepe, kisha akasema, "Inavutia."

Wote waliinamisha vichwa. Neno hilo huko husemwa juu ya chakula kilichoungua na juu ya wachumba wasiofaa.

Marlys angeweza kushukuru na kushuka. Jumatatu ilikuwa karibu, na kampuni haikuwa na habari za semina. Alifungua mdomo aseme asanteni. Lakini muda wa maswali ulikuwa muda wa maswali, na mkono wake wa kulia ulikuwa na mazoea yake. Ulipanda wenyewe taratibu mpaka juu, ukakaa.

Mkuu wa idara aliutazama, akatazama ukumbi kuomba msaada. "Profesa Enger... unataka kuuliza?"

"Naona hivyo," alisema Marlys, naye akiutazama mkono. "Ningependa kumuuliza mtoa mada kama amejaribu na sabuni."

"Na... mtoa mada anasemaje?"

"Anasema hajajaribu. Anasema aliogopa."

Walikwenda maabara wote, msafara mzima, fimbo zikigonga sakafu. Orrin alinyoosha ile chupa yake.

"Tumia hii."

"Hiyo ina marashi ya ndimu, itaniharibia kazi."

"Basi nitaoshea vyombo."

Marlys alichukua sabuni ya maabara. Pahoua akamshikia kijichupa. Kwenye kioo cha mashine mstari unaoonyesha kazi ya kimeng'enya ulikuwa umelala chini, chenyewe kimesinzia kwa raha zake. Tone likaingia.

Mstari ukapanda.

Ulipanda kama aliyechelewa kazini, na Marlys akausindikiza kwa macho akijua kila alichofanya tangu aitwe profesa kinapotea kadiri unavyopanda. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya watu aliokwisha kuwaliza. Kisha Pahoua akainama karibu na kioo.

"Profesa. Mstari umesimama."

Kweli ulikuwa umesimama, katikati, wala haukusogea tena. Waliongeza sabuni, ukabaki palepale.

"Nusu," alisema Marlys.

Nusu ilikuwa madonge. Nusu nyingine ilikuwa dawa ya kweli, dhaifu, ya kulelewa miaka mingi kabla haijafaa goti la mtu yeyote. Kampuni isingevuka nchi kuja kuangalia nusu. Palepale alitoa simu, akawaambia wasije Jumatatu, akawaeleza na sababu. Watazamaji waliondoka mmoja mmoja, hata waliokuja kushangilia kuanguka kwake.

Orrin alibaki. Walirudi ukumbini kumalizia kahawa iliyokwisha poa.

"Yangu haikubaki hata robo," alisema Orrin. Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya habari ile.

"Nilikuwa na haki ya kuuliza, Orrin."

"Ulikuwa nayo. Tatizo uliuliza huku unatabasamu."

"Mimi? Nilitabasamu?"

"Mama wee, mpaka magego niliyaona."

Marlys aliwakumbuka wote, Ijumaa baada ya Ijumaa, nyuso zao zikianguka, na akajua ni kweli, kwamba sabuni ilikuwa kazi yake ila raha ile haikuwa sehemu ya kazi.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa mtu mbaya mwenye swali zuri."

Orrin alienda kwenye trei, akakiokota kile kipande cha mwisho cha keki, na bila kukikata akakitia chote mdomoni. Marlys alimtazama kwa mshangao. Kwa miaka yote aliyoishi hakuwahi kuona mtu mzima akifanya hivyo.

"Hiyo nusu yako inataka kazi," alisema Orrin akitafuna. "Juni hutastaafu, usijidanganye. Na unahitaji mtu wa kukuuliza maswali mabaya. Jumatatu asubuhi nakuja."

"Na utakuwa unatabasamu?"

Orrin alipangusa makombo, akafikiri kwa haki kabisa.

"Wiki ya kwanza tu," alisema.