Orodha ya Wapiga Kelele

Nyumbani kwao hakuna sufuria iliyowekwa chini bila kitambaa. Msichana alikuwa ametandika matambara jikoni, moja chini ya kila chombo, na bawaba za mlango alizipaka mafuta ya kupikia kila Jumapili. Miaka miwili nyuma jiwe liliporomoka machimboni likampiga baba yake kisogoni, na tangu siku hiyo kila mlio ulimchoma kichwani. Alilala chumba cha nyuma, taulo limefungwa machoni. Kijiko kikianguka, alilia. Kikianguka mara ya pili, alirusha kilichokuwa karibu. Kwa hiyo mama na binti walizungumza kwa kunong'ona, tena maneno machache, na msichana, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, alibaki hivyo hivyo hata akiwa nje.

Shuleni walimwita Redio.

Walimu walikuwa wachache kuliko madarasa. Mwalimu asipokuwepo, kiranja alikaa mbele na daftari akiandika majina ya wapiga kelele. Jioni walioandikwa walisafisha vyoo. Aliyefikisha mara kumi na tano mzazi wake aliitwa, na mpaka kesi iishe hakusajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Asiyefanya mtihani huo hakuwa na shule nyingine ya kwenda. Kwa wasichana wa mtaa wao, kilichobaki ni kuponda kokoto.

Redio aliandikwa kila siku, tena wa kwanza.

Mwanzoni darasa lilishangaa. "Huyu? Huyu hata chafya anapigia tumboni!" Baadaye wakazoea, kisha wakaona raha. "Redio, punguza, watu wanasoma!" "Mwacheni, betri zimelowa." Wavulana wa nyuma wakipita walimshika sikio wakalizungusha. Huko waliita kutafuta stesheni. Walizungusha taratibu, huku na huku, wakisikiliza, na mmoja akitangaza, "Bado, bado, inakoroma tu." Sikio lake la kulia lilikuwa limechanika kwa chini, na akilala alilalia la kushoto.

Alijua ilianza lini. Mwenye machimbo hakulipa kitu kwa ajili ya kichwa cha baba yake. Alisema kazi ya mawe kila mtu anaingia akiijua. Ila kwa huruma, ndivyo alivyosema, akampa mama kazi ya kufua nyumbani kwake. Jumamosi msichana alikwenda kusaidia kuanika. Jumamosi moja, saa saba mchana, alikata kona ya ile nyumba akiwa na beseni kichwani, akamkuta kiranja. Kiranja alikuwa binti wa mwenye machimbo. Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, mikono juu, blauzi imekunjwa hadi mabegani, na baba yake amesimama nyuma yake na kipande cha waya wa umeme. Baba hakumwona mtu. Kiranja alimwona.

Jumatatu jina la Redio likaandikwa.

Siku ya kumi na nne kiranja alimfuata chooni, akasimama mlangoni akimtazama anavyosugua.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Sijamwambia mtu."

"Apa."

"Naapa. Kiranja, imebaki moja tu. Nisamehe hiyo moja."

Kiranja alikuwa mrefu, nywele zake zimesukwa vizuri, na alikuwa na tabia ya kuvuta mikono ya sweta mpaka ifunike vidole. Aliangalia maji machafu yakielekea viatuni mwake, wala hakusogea.

"Wengine wakipiga kelele sisikii kitu," alisema. "Wewe ukinyamaza ndiyo nasikia."

Kesho yake akaandika ya kumi na tano.

Mama alisoma barua ya shule akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kifuani. Asubuhi alimwomba mwenye machimbo ruhusa ya saa moja. Yule bwana alikuwa anakunywa chai barazani.

"Shuleni? Nenda, mama, nenda. Watoto wa siku hizi bila kubanwa hawaendi. Na ukimwona mwalimu wa nidhamu mwambie kokoto za darasa jipya zinakuja wiki hii. Mashati yangu usiyaache juani."

"Sawa, mzee. Asante, mzee."

Ofisi ya mwalimu wa nidhamu ilikuwa na meza, viti vitatu na fimbo zilizosimamishwa ndani ya kopo la rangi. Mama alikaa ukingoni mwa kiti. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kwa maji ya sabuni.

"Karibu, mama. Huyu binti yako ana mdomo."

"Huyu, mwalimu?"

"Mara kumi na tano. Tazama mwenyewe." Aligeuza daftari. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zote zimelalia upande mmoja.

"Mwalimu, sibishi. Lakini mtoto huyu hata akikanyaga msumari hapigi ukelele. Baba yake, unajua, kile kichwa..."

"Mama, hawa watoto nyumbani ni malaika. Njoo uwaone huku." Alitikisa kichwa bila ubaya. "Au unataka kusema kiranja ni mwongo?"

Mama alificha vidole vyake ndani ya khanga.

"Maana unajua ni mtoto wa nani."

"Najua. Nawafulia." Kisha akakumbuka. "Na mzee amesema kokoto za darasa jipya zinakuja wiki hii."

"Aa!" Uso wa mwalimu ulifunguka. "Yule mzee ni mtu wa watu."

Kiranja akaitwa. Aliingia na sweta limefungwa vifungo hadi shingoni, ingawa bati la ofisi lilikuwa linalia kwa joto. Mwalimu alifunika daftari. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na wanafunzi mia sita, na alipenda kazi iishe vizuri.

"Haya, binti," alimwambia Redio, kwa sauti ya upole kabisa. "Mbele ya mwenzako. Kwa nini akuandike wewe kila siku? Kuna jambo kati yenu? Sema. Hapa hakuna wa kukuchapa."

Kwa muda wote ule hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza. Redio alipandisha macho. Aliona vidole vya kiranja vimeng'ang'ania pindo la sweta. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hapo hapo akahisi mguu wa mama yake chini ya meza ukipanda juu ya mguu wake. Ulikanyaga, ukabaki pale pale.

"Anapiga kelele, mwalimu," mama alisema. "Hata nyumbani. Mimi mwenyewe nimechoka naye."

Kiranja alishusha pumzi. Ilisikika.

"Basi, yamekwisha," mwalimu alisema akichukua kalamu. "Kesho paredi ataomba radhi mbele ya shule nzima, nami nitaandika jina lake kwenye fomu ya mtihani pale pale. Orodha ya mtihani inaondoka kesho hiyo hiyo, mama, una bahati. Na wewe kiranja, anza ukurasa mpya."

Njiani malori ya mawe yalipita yakiwatimulia vumbi, na bado mama alinong'ona.

"Unafikiri sijui? Blauzi za yule mtoto nani anaziloweka?"

Redio alisimama.

"Unajua?"

"Tangu nilipoanza kazi. Tembea."

"Sasa kwa nini hukuniacha niseme?"

"Ukisema, jioni hii atapigwa yeye. Kesho mimi sina kazi. Keshokutwa baba yako hana dawa. Na mwalimu kokoto zake zitafika vile vile."

"Na mimi?"

"Wewe utafanya mtihani." Mama alimtazama sikio, akatema mate kwenye ncha ya khanga, akaanza kulifuta. "Maneno mawili tu, mama yangu. Yaseme, upite."

"Umeniumiza mguu."

"Najua."

Asubuhi shule nzima ilipangwa uwanjani, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Darasa la kwanza walikaa chini kabisa, miguu wameikunja, jua machoni. Mwalimu wa nidhamu alisimama kando na fomu ya mtihani juu ya ubao wa kuandikia, kalamu tayari.

Redio alipanda kwenye matofali mawili aliyowekewa. Midomo yake ilicheza.

"Sauti!" mwalimu alisema.

Alirudia. Walioko mbele walisikia kitu, labda.

"Redio, ongeza!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikaenda mstari hadi mstari.

"Sauti, binti. Mwenzako wa mwisho kule asikie. Sijaandika kitu hapa."

Alitafuta tumboni, hakujua watu sauti huitoa wapi. Aliinama kidogo mbele, akakunja ngumi, akasukuma. Sauti ikatoka, nene, yenye makwaruzo, wala hakuitambua.

"Mimi ni mpiga kelele!"

Darasa la kwanza walikuwa wamefundishwa jambo moja vizuri tangu waanze shule: aliyesimama mbele akisema, wao huitikia.

"MIMI-NI-MPIGA-KELELE!" wakaitikia wote, kwa ule wimbo wa kusomea, kisha wakatulia, wakimtazama, wakisubiri kinachofuata.

Wakubwa walicheka. Walimu wengine nao wakatazamana. Mwalimu wa nidhamu aliinua kalamu, na kwa kitambo ilionekana kama atawakataza. Akawaangalia watoto, akaangalia saa yake.

"Vizuri," alisema. "Endelea. Kipande kwa kipande, nao wafuate."

Katika mstari wa darasa lake, kiranja alikuwa amesimama wima na daftari jipya kifuani. Midomo yake ilikuwa ikifuata.

"Naomba radhi," Redio alisema.

"NAOMBA-RADHI!" wakaitikia wadogo, vichwa juu, mikono nyuma, waliokosa meno ya mbele na wenye meno.

"Sitarudia."

"SITARUDIA!"