Gunia la Pamba

Kichwa cha kaka yangu kilikuwa kinapanda polepole kutoka ndani ya gunia. Kwanza zilionekana nywele zenye nyuzi za pamba, kisha paji la uso, kisha macho ambayo hayakumtazama mtu. Baba aliongeza pamba, Asmani akakanyaga, na kadiri pamba iliyo chini ya miguu yake ilivyoshindiliwa, ndivyo naye alivyoinuka. Mabega yalipofika kwenye mdomo wa gunia, baba alimtoa, akalimwaga, wakaanza upya. Siku zile za Mei 1972 hapakuwa na mtu Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, aliyekuwa akinunua godoro. Baba alilijaza gunia kwa sababu moja tu: Asmani akikanyaga pamba, nyumba inakuwa kimya.

Kaka yangu alizaliwa na miguu isiyotulia. Alirukaruka pale pale alipokuwa, asubuhi mpaka jioni, akipiga sakafu kwa visigino hadi vikombe vikalia kabatini. Usipomwacha aruke, alijigonga kichwa ukutani. Maneno yake mwenyewe hayakujaa kiganja, lakini ya watu aliyarudia yote, kwa sauti ya aliyeyasema. Alimrudia mwadhini, alimrudia muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na mara moja alimrudia mgeni wetu aliyekuwa amekoroma baada ya chakula, tukafa kwa kicheko na mgeni asirudi tena. Neno usonji nimelisikia uzeeni, redioni. Wakati ule watu walisema ni majini, na mama alimnywesha makombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, mpaka akachoka.

Siku ya uhuru, mwaka sitini na mbili, ngoma zililia tangu alfajiri na mji mzima uliruka. Asmani alikuwa na miaka tisa. Aliruka katikati ya watu, na hakuna aliyemtazama mara mbili, maana wote walikuwa kama yeye. Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama siku ile. Kesho yake watu walirudi kwenye kazi zao, yeye akaendelea.

“Mwamini, huyu mutoto atafika Congo kwa kuruka,” jirani yetu Kulthumu alimwita mama kutoka uani kwake. Mama alicheka, kisha akaingia ndani na kukaa peke yake.

Aliyepata dawa ni baba, na aliipata katika kazi yake. Baba, fundi Idi wa magodoro, alikuwa na gunia refu lililofungwa kwenye nguzo nne katika chumba cha ndani. Pamba ikishachambuliwa humwagwa humo, na mtu huingia kuishindilia kwa miguu, ikae siku kadhaa kabla ya kutiwa kwenye godoro. Siku moja alimwinua Asmani na kumwingiza. Labda alitaka tu kupumzika kutokana na kelele. Asmani alikanyaga tangu adhuhuri mpaka magharibi, bila kugonga kichwa, bila kurudia neno la mtu. Alipotoka alikula wali, akalala. Tangu hapo tulikuwa na mwana, na baba alikuwa na msaidizi ambaye mafundi wa Bujumbura wangemwonea wivu.

Kisha ikaja ile Aprili ya sabini na mbili. Watu wenye mapanga waliua watu mjini na kando ya ziwa, na baada yao wakaja wanajeshi, wakaanza kuchukua wanaume. Hawakuuliza sana nani alifanya nini. Mwanaume aliyeitwa alipanda lori, na lori lilirudi tupu. Waliotaka kuishi walikimbia kwa mitumbwi au walijificha ndani. Sisi tulijificha. Asingeweza kukaa mtumbwini, kaka yangu. Angeupindua kabla ya kuuacha ufuko. Kwa hiyo baba alifunga madirisha, na kazi yake ikawa kuishughulisha miguu ya mwanawe. Mimi na mama tulichambua pamba ile ile mpaka ikawa vumbi. Tulipumua pamba na tulimeza pamba.

Walikuja asubuhi. Nilisikia buti uani kwa Kulthumu, kisha mlangoni petu. Asmani alikuwa ndani ya gunia, ameanza tu, hata kichwa hakionekani. Mama aliniangalia, na najua aliogopa nilichoogopa mimi: kwamba atarudia watakachosema. Neno moja tu lingetosha.

Baba alijifuta pamba mikononi. Hakumuaga mtu. Alifungua mlango kabla hawajaupiga teke, akatoka, akaurudisha nyuma yake. Nilimwona kupitia ufa.

“Uko na nani mu nyumba?” sauti iliuliza.

“Muke na binti, shefu.”

“Uko na mutoto mwanaume?”

“Mutoto mwanaume sina,” baba alisema. “Mungu hakunipa.” Alisema polepole, kama mtu anayetaja bei ya godoro.

Nyuma yangu miguu ya Asmani ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya pamba, na haikutoa hata mlio. Alinyamaza. Buti ziliondoka, na viatu vya baba pamoja nazo, vile vya Ijumaa. Sijui alivivaa saa ngapi.

Hakurudi. Hatukupewa maiti wala kaburi, na mama alikaa eda bila kuwa na uhakika kama ni mjane. Nilimchukia baba kwa muda kwa lile jibu lake, kisha nilijichukia kwa kumchukia.

Alasiri ile ile, tulipomtoa Asmani kwenye gunia, alisimama katikati ya chumba akasema, kwa sauti ya baba, “Mutoto mwanaume sina. Mungu hakunipa.” Mama alimziba mdomo kwa kiganja, akalia kwa mara ya kwanza.

Kaka yangu aliishi miaka mingi. Tulimpatia gunia jingine, na baada ya hilo jingine. Mama alipozeeka na macho yake kufifia, alikuwa akiketi karibu naye mchana, akisubiri atoke. Kisha alimwuliza taratibu, “Uko na mutoto mwanaume?”

Asmani alimjibu kwa sauti ya baba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, halafu akamwuliza tena.