Kinanda Katika Chumba cha Pamba

"Hakina sauti," alinong'ona Luhaga, akakiweka kinanda cha mdomo juu ya kaunta, katikati ya chaja na kava za simu.

Jenipha, mwenye duka, ilibidi ainame ndipo amsikie. Mteja huyu alikuwa akiongea kwa mnong'ono hata mchana kweupe, sokoni Bariadi, pikipiki zikinguruma mlangoni.

"Hakina sauti vipi, bhabha? Juzi si ulikipuliza hapahapa ukacheka mwenyewe?"

"Hapa kina sauti. Kwangu hakina."

Jenipha akakifuta kwa upindo wa kitenge na kukipuliza. Fundi cherehani aliyekaa barazani, ng'ambo ya barabara, akainua kichwa kutazama. Kilikuwa kinanda kidogo cha matundu kumi, kimechongwa herufi C ubavuni. Jenipha ndiye aliyemchagulia, maana wanakwaya waliowahi kununua kwake walimwambia kuwa anayeanza huanzia hicho. Ukipuliza kinatoa sauti moja, ukivuta kinatoa nyingine, na matundu yake yameachana kiasi kwamba mdomo usiozoea unaweza kulipata moja bila kumgusa jirani yake.

"Kwani unapigia wapi?" aliuliza.

Luhaga akatazama nje. "Nyumbani."

"Nyumbani ndani, au uwanjani?"

"Nyumbani tu, mayu."

Angejibu vizuri, mengi yangeishia palepale kwenye kaunta. Lakini nani atamlaumu? Pamba ilikuwa inachumwa na ngoma zilikuwa zinakaribia, na msimu wa ngoma ukikaribia, mtu wa Bagika, chama kimoja cha ngoma cha Wasukuma, hamwambii mtu asiyemfahamu mahali anapofanyia mazoezi. Atajuaje kama huyu mama hajaolewa kwa Bagalu, mahasimu wao? Wapinzani wakiipata siri yako wataiga, na wakishindwa kuiga watatafuta dawa ya kuizima. Luhaga alikuwa Mkristo na dawa hakuziamini. Alizikwepa tu.

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa ningi wa kundi lao kule Zagayu, yaani mtunzi na mwimbishaji, yule anayetupa neno na wengine wakalidaka. Mashindano yao hayana jaji. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu huenda wanakotaka. Ukiona watazamaji wako wanaanza kuondoka mmojammoja, umeshindwa, huhitaji kuambiwa. Enzi zake Luhaga alikuwa akiinua koo na watu wanageuka huku wangali na muwa mdomoni. Halafu koo lile likaota uvimbe. Wakaupasua, uvimbe ukatoka, na sauti nayo ikaondoka moja kwa moja.

Shigela, mwenyekiti wa kundi, alikuwa amekwenda kumwona akamwambia bila kuzunguka: "Ngosha, msimu huu jaribu. Watu wakituhama, tutampa mwingine nafasi hiyo. Usinielewe vibaya." Luhaga alimwelewa vizuri sana, na ndiyo maana hakulala. Mwaka mzima yeye alikuwa mkulima wa pamba kama wakulima wengine wote. Msimu wa ngoma tu ndipo alipokuwa Luhaga. Sauti imekufa, alijiambia, lakini pumzi ninazo, na mwenye pumzi hakosi cha kupuliza.

"Nipe kile," alisema sasa, akionyesha kinanda kirefu chenye safu mbili za matundu, kinachong'aa.

"Hicho ni kitamu, lakini kinataka pumzi nyingi na mdomo uliokomaa. Wewe bado unajifunza. Baki na hiki, na kama tatizo ni sauti, chukua spika hii ndogo ya kufunga kiunoni. Wauza dagaa wa Lamadi wote wanatumia hii."

Luhaga alikuwa haitazami ile ndogo. Alikuwa anaitazama spika iliyosimama kwenye kona, kubwa, yenye mpini na matairi. Akaizunguka, akaipiga makofi mgongoni, kama afanyavyo mnadani akichagua dume la kulima: kifua kipana, miguu imara. Mdogo hatavuta jembe, alijua hivyo tangu utotoni, na hakuona kwa nini vyombo vya muziki viwe tofauti. Akachukua spika hiyo na kinanda kirefu, na kile kidogo akakirudisha mfukoni.

Nyumbani, mkewe Benedikta alisimama mbele ya ile spika mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe huyu ndiye mtamba wetu uliyempeleka mnadani? Siku hizi ana matairi?"

"Utamwelewa akilia, Mama Flora."

"Ngoja nione kama atatoa maziwa."

Luhaga akaiingiza chumbani. Mwaka ule pamba ilikuwa imekubali, na kwa kuwa ununuzi ulikuwa bado haujafunguliwa, chumba kimoja kizima kilikuwa kimejaa pamba kutoka sakafuni hadi darini. Kilibaki kijia cha kupita mtu na pembe moja ya kukaa. Pale ndipo Luhaga alipojifungia kila jioni. Hakuna mpita njia aliyeweza kumsikia, na alijisifu kwa hilo.

Kipimo chake kilikuwa Benedikta, aliyekuwa jikoni, mlango wa pili, akisonga ugali. Luhaga alipiga wimbo kwa kile kidogo, kisha akaufungua mlango.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Kabla ya spika jibu lilikuwa hilohilo kila siku, na ndilo lililomrudisha Bariadi. Sasa alikishika kile kinanda kirefu pamoja na maiki iliyokuja na spika, akapuliza, akaongeza sauti, akapuliza tena. Spika ilikuwa imezama nusu ndani ya pamba.

"Na sasa?"

"Kwa mbali. Kama redio ya jirani."

Akakizungusha kitufe mpaka kikagoma.

"Sasa nasikia, Baba Flora! Nasikia vizuri!"

Aliketi juu ya pamba akafuta jasho. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa kuwa ng'ombe wake aliyepotea ameonekana.

Siku ya ngoma watu walijaa uwanjani. Upande wa pili Mayala, kiongozi wa Bagalu, kijana mwenye koo la chuma, alikuwa ameshaanza, na ngoma zake zilikuwa zinagonga kifuani. Luhaga akaivuta spika hadi mbele ya kundi lake. Watu walipoona matairi, wakasogea. Hata baadhi ya watu wa Mayala wakasogea. Shigela akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Luhaga akasimama mbele ya spika yake, kitufe kikiwa palepale kilipogomea, akapuliza.

Kilichotoka hakikuwa wimbo. Spika ilipiga yowe. Safu zote mbili za kinanda zililia kwa pamoja, maiki ikalidaka yowe na kulirudisha kwenye spika, spika ikalirudisha kwenye maiki, na kila Luhaga alipozidi kupuliza ili wimbo usikike, ndivyo mluzi ulivyozidi kutoboa masikio. Watoto wakalia. Mbuzi aliyefungwa kwenye mti akakata kamba. Kisha watu wakaanza kucheka, na wakicheka wakaanza kuondoka, mikono masikioni, kuelekea kwa Mayala. Shigela alikimbia akaizima.

Upande wao ukabaki vumbi na wachezaji walioshika majembe yao ya ngoma bila kujua wayafanyie nini.

"Basi, ngosha," alisema Shigela taratibu, akimnyooshea mkono. "Wabeja, asante kwa yote. Umetufikisha mbali."

Luhaga hakuupokea ule mkono. Aliumia, tena sana, na mtu akiumia hivyo mikono hutafuta kazi. Wake mmoja uliingia mfukoni ukakuta kile kidogo. Akakipeleka mdomoni, si kwa ajili ya mashindano tena, akapuliza ule wimbo mzima tundu kwa tundu, polepole, kama impasavyo anayeanza.

Wachezaji wa mstari wa mbele wakageuka. Kisha wa mstari wa nyuma.

Benedikta alimsogelea, kitenge kimemlegea kwa ile tafrani. "Hicho si ndicho ulichokipeleka dukani, kwamba hakina sauti?"

Luhaga akaitikia kwa kichwa.

"Mbona nakisikia?" Akajipiga paji la uso. "Pamba! Baba Flora, ulikuwa unapigia ndani ya pamba! Pamba ile ingemeza hata radi."

Akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na Luhaga naye akacheka kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yakiruka. Aliona aibu na akaona raha, vyote kwa mpigo mmoja. Kisha akapuliza tena, na safari hii Benedikta alilitambua neno lililokuwa likikaa mahali pale enzi za koo la mumewe. Akalitia. Luhaga akavuta, yeye akajibu. Wachezaji wakasogea karibu ili wasikie, wakafanya duara, wakiupa mgongo uwanja mtupu, na majembe yakaanza kupanda na kushuka. Shigela aliubakiza mkono wake hewani kidogo, kisha akauteremsha, akasogea naye.

Ng'ambo, ngozi za ngoma za Mayala zilikuwa zimelegea. Wapigaji wakaziinamisha kwenye moto wa nyasi ili zikaze, na kwa muda upande ule wote ukawa kimya. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa pembeni kabisa mwa umati wa Mayala, akaacha kumbembeleza mtoto. Akainamisha kichwa upande mmoja, akageuka.

Luhaga hakumwona. Alikuwa amefumba macho, akiivuta sauti moja ndefu kuiingiza kifuani, na Benedikta alikuwa amesimama mbele yake, mdomo nusu wazi, akimsubiri.