Jina la Calixta Ubaoni

Mis Edlin alikuwa akigawa vipande vya kalamu za rangi kutoka kwenye kopo la maziwa, Viergela akaingia darasani bila hodi. Hakuvua kofia yake ya majani wala hakuwasalimu watoto. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani akabamiza karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Komè," alisema, "hebu nieleze, hiki ni kitu gani?"

Waliitana hivyo kwa miaka mitano, tangu Edlin alipompakata Calixta, binti wa Viergela, kanisani akawa mama yake wa ubatizo. Asubuhi ile neno lilitoka kama mtu anayetema mbegu.

Edlin aliikunjua karatasi. Ilikuwa moja ya zile alizozichora mwenyewe kila Jumapili: juu herufi nene yenye tumbo tupu la kupaka rangi, chini yake herufi ileile kwa nukta, mtoto azifuate kwa penseli.

"Ni K," alisema. "K ya kabrit. Calixta amempaka mbuzi rangi ya zambarau, lakini nukta amezifuata vizuri mno. Hakutoka nje hata kidogo."

"Sijaja kwa ajili ya mbuzi. Soma hapo chini."

Chini kabisa mtoto alikuwa amefuata nukta za jina lake kama Edlin alivyomwekea: Kaliksta.

"Jina la mwanangu kwenye cheti cha kuzaliwa linaanza na C," Viergela alisema. "Karani aliniambia kwa mdomo wake. Na katikati kuna X. Binti wa jirani yangu anasoma Kifaransa kule kilimani kwa masista, amerudi nyumbani na herufi ishirini na sita. Wetu unawapa ngapi? Zilizobaki unazipeleka wapi?"

Watoto walikuwa wameacha kupaka. Wapita njia wawili walisimama dirishani, kwa sababu sauti ya Viergela ilikuwa sauti ya sokoni.

Edlin angeweza kumtoa nje wakazungumza. Alikuwa na majibu ya kutosha, majibu ya miaka kumi na miwili ya kazi: kwamba mtoto huanza kusoma kwa lugha anayotumia kumwomba mama yake maji, na lugha hiyo hapa Fonpalmis ni Krioli, kwamba Krioli haina Q wala X, na C haisimami peke yake, kwamba watoto wake husoma sentensi nzima kufikia Pasaka, na wa masista bado wanaimba tu. Badala yake alicheka.

"Kule kwa masista X wanaiimbia zailofoni," alisema. "Wewe umeshawahi kuona zailofoni sokoni kwako?"

"Sijaona. Lakini mbwa anayeanza na K nimemwona. Kastò, wa mwalimu mkuu wako. Mwanangu si mbwa."

Dirishani mtu aliguna kwa kicheko. Edlin alihisi masikio yakimwaka. Alichukua chaki, akamsogelea Viergela, akamnyooshea.

"Haya. Wewe unayejua herufi nilizoiba. Liandike jina la mwanao."

Alijua. Hilo ndilo lililomtafuna Edlin baadaye, kwamba alijua. Yeye ndiye aliyemsomea Viergela kila barua iliyotoka kwa mumewe upande wa pili wa mpaka, na yeye ndiye aliyemjibu mume kwa mkono wake.

Viergela aliipokea chaki. Alisimama mbele ya ubao, mkono juu, na mkono ukabaki palepale. Unga mweupe ulimdondokea kwenye kiatu.

Ndipo Calixta alipoinuka kutoka kwenye benchi lake. Alichukua kipande kingine cha chaki, akapanda juu ya kiti, akaanza kugonga nukta ubaoni, moja baada ya nyingine, ulimi nje, kama Mis anavyofanya. Mstari wa nukta kushuka chini, miguu miwili ya nukta kwenda pembeni.

"Fuata nukta, mama," alisema. "Si ngumu. Ukitoka nje unafuta."

Watoto wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, walidhani ni mchezo. Lakini wale wa dirishani walicheka pia, na wao hawakuwa watoto.

Viergela aliuvua mtandio wake shingoni akaufuta ubao wote, nukta, tarehe na kila kitu. Akamshika binti mkono. Mlangoni aligeuka.

"Asante, Mis," alisema. Neno komè lilikuwa limekwisha.

Jumamosi iliyofuata Edlin alikwenda sokoni kununua ndizi na samaki wa chumvi. Mbele yake mwanamume mmoja alikuwa akitafuna karanga za kukaanga, na kwenye karatasi iliyozifunga Edlin aliona nusu ya herufi B ya bannann na ndizi iliyopakwa njano. Alitazama meza ya Viergela. Karatasi zake zote, za Calixta tangu shule ifunguliwe na za watoto wa majirani, zilikuwa zimesokotwa kuwa pakiti ndogondogo, zimepangwa safu.

"Karanga, Mis?" Viergela aliita kwa nguvu. "Leo nauza kwa herufi! Chagua yoyote! C tu ndiyo sina, imeibwa!"

Wauzaji walipiga makofi. Edlin aliondoka bila samaki.

Jumatano mwalimu mkuu, Mèt Anovil, aliita mkutano wa wazazi. Alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, lakini haya hayakuisha. Wazazi walitaka herufi ishirini na sita. Mmoja alisema mtoto asiyejua X ataingiaje ofisini kwa mtu? Edlin alisimama akatetea kazi yake, akatetea vizuri, na baadhi walianza kutikisa vichwa kukubali. Kisha Viergela akainuka.

"Mimi herufi nimeziacha," alisema. "Zigawaneni nyinyi. Mimi nauliza jambo moja. Huyu alinipa chaki mbele ya mwanangu. Alijua nitashindwa. Mwulizeni kama hakujua."

Mèt Anovil alimtazama Edlin. Kila mtu alimtazama.

"Aliingia darasani kwangu kama mwizi wa kuku," Edlin alisema. "Akija tena hivyo, nitampa tena."

Wiki ile watoto saba waliondolewa. Calixta alikuwa wa kwanza. Alipelekwa kilimani kwa masista.

Edlin aliketi na daftari la mahudhurio, akikata majina kwa rula. Clervil. Roxane. Jacques. Alipofika hapo aliirudisha penseli juu ya ukurasa, akaanza kusoma upya, polepole, jina kwa jina, pamoja na ya waliobaki. Kati ya watoto ishirini na watatu, kumi na mmoja walikuwa na majina ambayo kwa herufi za ukutani kwake hayangeweza kuandikwa. Kwa miaka kumi na miwili aliwafunza yote isipokuwa jinsi walivyoitwa kwenye vyeti vyao. Alilifunga daftari, akamkasirikia Viergela zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu mwanamke asiyesoma ndiye aliyeliona.

Siku chache baadaye alikutana na Calixta kwenye njia ya kisima, amevaa sare mpya iliyokauka kwa wanga, kindoo kichwani.

"Marenn!" mtoto aliita. Ndivyo alivyomwita mama yake wa ubatizo.

"Hujambo, binti yangu. Kwa masista wanakupa rangi?"

"Hawana rangi. Tunaimba tu. Ukikosea wanakupiga vidoleni." Alikitua kindoo. "Marenn, mimi niliziweka vibaya zile nukta?"

"Nukta zipi?"

"Za mama. Mama alilia siku ile. Alilia hadi jioni, hakula. Niliweka nukta vibaya, ndiyo maana akashindwa."

Edlin alimtwisha mtoto kindoo chake, akamwacha aende.

Jumamosi alikwenda sokoni mapema, kukiwa kumejaa. Alisimama mbele ya meza ya karanga. Viergela alihudumia mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu, kana kwamba pale pamesimama nguzo.

"Nimekuja kukuomba radhi," Edlin alisema.

"Sisikii. Soko lina kelele."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Uliponitukana watu walisikia mpaka barabarani. Leo koo limekauka?"

Mchuuzi wa mkaa aliacha kupima. Edlin alivuta pumzi, akapaza sauti ile anayowaitia watoto kutoka uwanjani.

"Nilimpa Viergela chaki nikijua hawezi kuandika! Nilifanya kusudi, nimwaibishe mbele ya mtoto wake! Na kuhusu jina, alisema kweli, mimi ndiye niliyekosea!"

Mtu alipiga mbinja. Mwingine akasema, "Aah, kumbe Mis naye hukosea!" na kicheko kikazunguka meza hadi meza. Edlin aliuacha uso wake vilevile, waucheke.

"Umemaliza?" Viergela aliuliza. "Basi sogea. Unaniziba wateja."

"Bado moja. Calixta anadhani ulilia kwa sababu yeye aliweka nukta vibaya."

Mkono wa Viergela ulisimama ndani ya sinia. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Njia ya kisima."

Viergela alikung'uta chumvi viganjani. Alimwambia mwenzake wa meza ya pili amwangalizie karanga, akajifunga mtandio, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea nyumbani. Alipompita Edlin alisema bila kugeuza kichwa, "Nitazungumza naye mimi. Wewe usimguse."

Calixta alimaliza mwaka kwa masista. Edlin alichora karatasi mpya tatu, za C, Q na X, akazibandika ukutani baada ya Z, na kila asubuhi Roxane, ambaye mama yake alimrudisha mwezi wa Februari, aligombana na wenzake ni nani aanze kupaka X.