Maji ya Kumsamehe Zimwi

Zimwi alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, kichwa chake cha sponji kikiwa mapajani, akila chapati huku akiwachekesha watoto. Manyoya ya bandia yalimfunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, na kila alipocheka, tumbo lile kubwa lilicheka pamoja naye. Musimbi alimtazama akiwa chini ya turubai la waigizaji. Hata ndani ya ngozi ya jitu, Patroba alikuwa Patroba: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu ambaye akifungua kinywa watu husogeza viti karibu wamsikie.

Michelle, mwongozaji kijana aliyetoka Nairobi, alikuwa akitengeneza filamu ya watoto na wazazi wao. Alichagua hadithi ambayo hakuna mtoto wa Kakamega asiyelazwa nayo. Zimwi humwiba msichana mtoni, humfungia ndani ya ngoma, kisha huzunguka vijijini akiipiga ili msichana aimbe ndani na yeye apewe chakula. Siku moja bibi ya msichana huitambua sauti. Humlewesha zimwi kwa pombe, humtoa mjukuu, na ngoma huijaza nyuki. Zimwi akiamka na kuifungua, huo ndio mwisho wake. Michelle hakutaka vikatuni. Alitaka watu wenye damu, msitu wa Buyangu wenyewe, na ngoma ya isukuti iliyochongwa kubwa kiasi cha kumeza mtoto.

Alimkuta Musimbi sokoni akiuza mboga, akaipenda sauti yake. Musimbi alikataa katakata, mpaka aliposikia nani angekuwa zimwi.

"Na nyuki wanawekwa na nani?" aliuliza.

"Wewe, shosho. Wewe ndiwe bibi."

"Shosho ni bibi wa kwenu. Kwetu bibi ni kukhu. Lakini nitakuja."

Chuki yake haikuwa ya jana. Siku ya mazishi ya mumewe Chrispinus, kipaza sauti kilipoletwa ili mjane aseme neno lake la mwisho, Patroba alikinyakua kabla hakijamfikia. Mbele ya kijiji kizima alisema, "Msiniulize ndugu yangu aliuawa na nini. Muulizeni mkewe alimpikia nini." Wanawake walimshika Musimbi kwa mikono ya gauni, wakamwondoa kaburini kabla hajatupa udongo. Patroba ndiye aliyekuwa amempeleka nduguye hospitalini. Daktari alieleza habari ya figo, na masikio pekee yaliyosikia maelezo hayo yalikuwa ya Patroba. Lakini kando ya mto kulikuwa na shamba zuri la Chrispinus, ambalo lingekuwa la nduguye mjane akiondoka, na mjane mwenye jina baya hafukuzwi. Hutarajiwa aondoke mwenyewe. Musimbi hakuondoka. Alipanda mboga za sukuma na mrenda mpaka ukingoni mwa maji, akaishi na macho ya watu.

Basi filamu ilimpa raha ambayo hakuwahi kuiota. Katika onyesho la bibi kumfukuza zimwi jikoni, alimpiga Patroba mwiko mgongoni kwa nguvu iliyopasua manyoya.

"Shosho, taratibu! Mwiko ni wa kweli!" Michelle alipaza sauti, akicheka.

"Na zimwi je, si wa kweli?"

Usiku alilala akiwaza nyuki. Alijua wangekuwa wa kompyuta, kwamba Patroba angejirusha na kupiga mayowe kwa ajili ya wadudu wasiokuwepo. Haidhuru. Angemwona akigaagaa.

Asubuhi ya siku ya mwisho Michelle alimletea kurasa mpya.

"Tumebadilisha mwisho. Watoto wadogo wataogopa wakiona mtu anaumwa na nyuki hadi kufa. Sasa zimwi anaomba radhi, nawe unamsamehe kimila. Unatia maji kinywani, unampulizia kifuani, basi. Mzee Patroba ndiye ametuonyesha. Itatoka poa sana!"

Musimbi alizirudisha kurasa bila kuzisoma. Aligeuka kutazama mahali pa onyesho, akawaona wazee wa ukoo wamepangwa mbele juu ya vigoda kama wanakijiji wa hadithi. Katikati yao alikuwa Mzee Wanjala, ambaye neno lake ndilo lililofunga na kufungua mambo ya ukoo. Hapo akaelewa yote. Binti wa Patroba alikuwa amechumbiwa, na wazee walikuwa wamekataa kukaa kwenye chakula cha mahari mpaka Patroba na mjane wa nduguye wapatanishwe. Kwa watu wao maji yale hayana mchezo. Yakitoka kinywani mbele ya wazee, ugomvi umekwisha. Hayaulizi kama kulikuwa na kamera.

Patroba alimjia akiburuta miguu yake ya manyoya.

"Mulamwa," alisema kwa sauti tamu, kama shemeji anavyomwita shemeji, "leo tumalize. Ni sinema tu."

"Kama ni sinema tu, mbona wazee wamevaa makoti na jua hili?"

Patroba alikivaa kichwa cha sponji haraka.

Wakaanza. Zimwi alipiga magoti, akaomba radhi kwa kumwiba msichana, na sauti yake ikawaliza akina mama waliosimama nyuma. Musimbi aliinua kibuyu, akajaza maji kinywani, akamwinamia. Kisha akameza.

"Kata! Shosho, umemeza."

"Nilikuwa na kiu."

Watu wakacheka. Wakarudia. Safari hii alijaza mashavu yakatuna, akageuka, akaupulizia mgomba uliokuwa kando. Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, ila wazee hawakucheka.

Michelle alikuja akifuta jasho. "Shosho, tafadhali. Mwanga unatuishia, na ruhusa ya msitu ni ya leo tu. Usipomsamehe, sina filamu."

"Hajaomba radhi."

"Ameomba! Vizuri kabisa!"

"Ameomba kwa msichana wa ngoma. Mimi sina msichana aliyeingizwa ngomani. Mwambie avue kichwa."

Waliojua wakatazamana. Michelle alitazama huku na huku akitafuta wa kumfafanulia, asimpate. Mzee Wanjala aligonga fimbo yake chini.

"Patroba. Vua."

Kichwa kilitoka polepole. Chini yake ulikuwa uso uliolowa jasho, mvi zimegandamana kwenye paji, mdogo mno kwa mwili ule wa manyoya. Musimbi alikitwaa kibuyu, akajaza maji kinywani kwa mara ya tatu, akasimama mbele yake mikono nyuma. Mpiga picha alimtazama Michelle. Michelle hakusema kata.

"Mnajua nyinyi," Patroba alianza, akigeuza shingo kwa watu na tabasamu lake la matangani, "hata zimwi ana shemeji..."

Hakuna aliyecheka. Musimbi aliinua kidevu kidogo tu.

"Siku tuliyomzika Chrispinus," alisema Patroba, "nilitamka neno."

"Sauti!" mwanamke mmoja aliita kutoka nyuma. "Siku ile tulikusikianga vizuri!"

"Nilisema mulamwa ndiye aliyemuua. Nilisema nikijua si kweli. Daktari alisema ni figo. Nilikuwa nimesimama pale pale, nilisikia. Huyu mama hakumpa ndugu yangu kitu kibaya."

Mnong'ono ulipita kati ya wanawake, ukaenda ukarudi. Mzee Wanjala aliangalia chini. Mahali ambapo Musimbi alidhani furaha ingekaa, palikuwa na uchovu, na chini ya uchovu, njaa ambayo haikuwa imeshiba. Maji yalikuwa yameanza kushika joto la kinywa chake. Mashavu yalimuuma.

Patroba alifumba macho na kutanguliza kifua, kama mtu aliyemaliza, akingoja kulowa.

Alingoja. Alipofumbua macho, Musimbi bado alikuwa amesimama palepale, midomo imebana. Alitoa mkono mmoja nyuma ya mgongo, akaunyoosha kuelekea mtoni kulikokuwa na shamba, kisha akaugeuza kiganja juu na kumwashiria kwa kidole, bila haraka: endelea.